Nyumba ya Urithi Haiangushwi na Mvua



Wasomaji wetu watukufu, mama zetu, dada zetu na wazee wetu, juma hili tumeonelea tuzungumze juu ya jambo lililo karibu nasi mno hata tumezoea kutoliona, nalo ni nyumba za Mji wa Kale na maisha yaendayo ndani yake. Wageni huja na kamera, wakapiga picha milango ya nakshi na rosheni za mbao, kisha wakaenda zao. Sisi ambao tumezaliwa humo, au tuna wazazi waliozaliwa humo, twajua kwamba mlango ni kizingiti tu, na la maana ni walio nyuma yake. Na leo, nyuma ya milango mingi hamna watu, au mna watu wasiosemezana.

Tumeandika makala haya kwa ajili ya hao.

Mji na umri wake

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa kwa chombo, akalala usiku mmoja, kisha akaendelea na safari yake ya Kilwa. Usiku huo mmoja ulimtosha kuona mengi. Aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki ni wa madhehebu ya Shafi, wacha Mungu na wenye staha. Kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, na nafaka huletewa kutoka ng'ambo. Alisema misikiti yao ni ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na penye mlango wa kila msikiti pana kisima kimoja au viwili. Mwenye kutaka kuingia huosha miguu, akaipangusa kwa mkeka mzito uliotandikwa mlangoni. Akataja pia tunda mfano wa zeituni, lenye kokwa, ila ni tamu sana. Nani kati yetu asomaye maneno hayo asikumbuke zambarau?

Hebu tutazame alichokichagua kukiandika. Hakusimulia ngome, kwa kuwa haikuwapo. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, zaidi ya miaka 260 baada yake. Hakusimulia jumba la mtawala wala hazina. Alisimulia chakula, maji na mkeka wa mlangoni. Mji aliuona katika desturi za kila siku za watu wake.

Na mji huu una kumbukumbu za watu kabla ya kumbukumbu za mawe. Mapokeo ya wazee yanamtaja Mwana Mkisi, mwanamke, kuwa ndiye aliyetawala mwanzo, kisha akafuata Shehe Mvita, ambaye kwake tumepata jina la Mvita. Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe uliochongoka, husemwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, na mbele yake pana kisima. Ni katika mji huu pia ambapo Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akawasemeza Waislamu juu ya dini yao, elimu yao na hali ya majumba yao. Kijarida kama hiki tunachokishika mikononi ni mjukuu wa karatasi zile.

Ngome tumeitaja. Ilizingirwa na Waomani kuanzia mwaka 1696 mpaka 1698, baadaye serikali ya Kiingereza ikaigeuza gereza, na hatimaye ikawa makumbusho. Mwaka 2011 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ina walinzi, ina lango, ina tikiti na ina wataalamu wa kuitunza. Mitaa iliyo ubavuni mwake, Kibokoni, Kuze, Mkanyageni, Ndia Kuu na mengineyo, nayo imewekwa chini ya ulinzi wa sheria za uhifadhi, na ipo ofisi ya Makumbusho ya Taifa inayoshughulikia majengo ya Mji wa Kale. Lakini sheria yaweza kuulinda ukuta utazamao njia. Haiwezi kumlazimisha ndugu kumpigia simu ndugu yake. Ngome ina serikali. Nyumba ina warithi tu.

Nyumba na desturi zake

Tuitazame nyumba yenyewe. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Dari imebebwa na boriti za mikoko, zile zile ambazo majahazi yalizibeba mpaka nchi za Ghuba zikajengee nyumba za huko. Boriti ya mkoko haina urefu wa kupita kiasi, na kwa hivyo chumba cha zamani ni chembamba na kirefu, upana wake hauzidi sana mita 3. Mti wa pwani ndio uliotupimia vyumba vyetu.

Nje pana baraza. Mwanamume aliyekuja kwa haja fupi alikaa pale, akanywa kahawa tungu iliyomiminwa kutoka kwenye dele, akasema alilojia, akaondoka, na watu wa ndani hawakusumbuliwa. Baraza iliipa nyumba ukarimu bila kuivunjia sitara. Juu pana rosheni yenye vibao vya kimia, ambapo mama aliweza kuona njia nzima naye asionwe. Aliyedhani kwamba wanawake wa Mji wa Kale walifungiwa hakupata kukaa rosheni. Kutoka pale walijua nani amesafiri, nani anaumwa, mtoto wa nani ametoroka chuoni, na muuza samaki gani leo ana changu wazuri. Kikapu kilishuka kwa kamba na fedha ndani yake, kikapanda na ndimu au mboga.

Ndani ya ukuta mliachwa zidaka, mkawekwa msahafu, taa, chetezo na sahani za China za arusi ya bibi. Na njia zenyewe ziliachwa nyembamba, kuta zikatupiana kivuli, upepo wa bahari ukapita katikati. Wazee walijua kaskazi na kusi si kwa ajili ya majahazi tu. Walijua dirisha lipi lifunguliwe mwezi upi.

Maisha ya nyumba hizi hayajafa, alhamdulillahi. Alfajiri adhana za misikiti mingi bado hupishana juu ya mapaa, mmoja ukimaliza na mwingine ukiendelea. Asubuhi bado yanukia mahamri na mbaazi za nazi. Alasiri bado wapo wa viazi vya karai, wa kachiri na wa mabuyu. Mwezi wa Ramadhani sahani zikipita kutoka mlango hadi mlango kabla ya Magharibi, sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ikiingia na kaimati hutoka na sambusa. Kukiwa na arusi, ukumbi wa jirani ni ukumbi wako, na masufuria yake ni yako. Kukiwa na msiba, kabla maiti hajaoshwa, vijana wa mtaa wameshatandika mikeka njiani na mabinti wameshaingia jikoni. Waswahili, Waarabu, Wabaluchi, Wabohora na wengineo wameishi kuta zikigusana, na wengi wao wamejifunza Kiswahili kimoja kwa sababu ya kugusana huko.

Mtume wetu (s.a.w.) alieleza kwamba Jibril alimuusia juu ya jirani mara kwa mara, hata akadhani kwamba jirani atawekwa katika warithi. Katika Mji wa Kale, ambapo ukuta mmoja hubeba nyumba mbili, wasia huo una maana ambayo hata fundi wa ujenzi ataikubali. Nyumba moja ikiachwa ikaoza, ukuta wa jirani hulowa. Ikivunjwa likapandishwa jengo la orofa nyingi, jirani hupoteza upepo, mwanga na sitara ya dari yake.

Hesabu ya mafungu manane

Sasa tuingie katika kiini cha maneno yetu. Twasema mara nyingi kwamba nyumba za kale zinaangushwa na mvua, na chumvi, na uzee. Ni kweli kwamba maji ndiyo yanayoozesha boriti. Lakini maji huingia penye tundu, na tundu huachwa kwa sababu hakuna aliyekubali kuliziba. Twatoa mfano, wala hatumkusudii mtu yeyote.

Mzee amefariki, wazazi wake walishatangulia, ameacha mke mmoja, wavulana wawili na wasichana watatu. Baada ya gharama za maziko, madeni, na wasia usiozidi thuluthi, kilichobaki ni nyumba moja ya Mji wa Kale. Sharia tukufu, kama ilivyobainishwa katika Suratun Nisaa, imeifanya hesabu kuwa nyepesi: mafungu manane. Mjane fungu moja, kila msichana fungu moja, kila mvulana mafungu mawili. Mtoto wa madrasa aweza kuikamilisha kwa vidole.

Lakini siku ya khitma hakuna atakaye kusema. Mmoja ataona ni aibu kutaja mali kaburi bado bichi. Mwingine atasema, mama yungali hai, nyumba ni ya mama, na ilhali mama ana thumuni tu. Dada walioolewa watanyamaza, wasije wakaambiwa wana tamaa. Mwaka unapita, kisha kumi. Mama naye anafariki. Watoto watano nao wanaondoka mmoja baada ya mmoja, kila mmoja akiacha mke au mume na watoto wanne. Nyumba iliyokuwa na warithi sita sasa ina warithi 25, wengine Kisauni na Nyali, wengine Nairobi, wengine Jeddah, Maskati na London. Wapo ambao hawajapata kuipanda ngazi yake.

Ndani amebaki mmoja. Huyo ndiye anayejua boriti ipi imeanza kulia. Akiomba mchango wa kutengeneza, ataambiwa, wewe ndiye unayekaa bure, tengeneza. Akitengeneza kwa fedha zake, ataambiwa kesho kwamba hakutumwa na mtu. Kwa hivyo anaweka ndoo chini ya tundu. Ndoo inajaa, inamwagwa, inarudishwa. Siku akija mnunuzi na fedha taslimu, watu 25 ambao hawakuweza kukubaliana juu ya tundu moja hukubaliana kwa alasiri moja kuuza nyumba nzima.

Tusimlaumu sana aliyeuza. Huenda ana karo za watoto na deni la hospitali. Tuulaumu unyamavu. Katika unyamavu huo wapo waliodhulumiwa, na mara nyingi ni wanawake. Mjane aliyekalishwa katika nyumba kwa hisani, naye ana haki. Dada ambaye fungu lake limeliwa kodi na kaka zake kwa miaka, kisha akaletewa leso mbili za sikukuu kama zawadi. Mwenyezi Mungu amelitaja fungu lake waziwazi. Hakuna desturi ya mji wala ubingwa wa kaka uwezao kulifuta. Urithi wetu tunaojivunia mbele ya wageni hauwezi kusimama juu ya haki ya dada iliyozikwa ukutani.

Na tusidhani majumba hayaanguki. Tarehe 25 Desemba 2020, hapo jirani Unguja, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Lilikuwa jumba mashuhuri katika mji ulioorodheshwa kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Ikiwa jumba la masultani limeporomoka hivyo mchana, nyumba yetu yenye ndoo chini ya tundu itangoja mpaka lini?

Yaliyo mikononi mwetu

Hatupendi kuacha wasomaji wetu na huzuni bila ya njia. Yapo mambo ambayo kila familia yaweza kuyaanza bila kungoja serikali wala mfadhili.

La kwanza ni kuzungumza mapema. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na katika muda huo jamaa huja na kuondoka nyumbani mwa marehemu. Siku hizo zatosha kuandika majina ya warithi wote, madeni, na mafungu, mbele ya mwanachuoni anayeaminika. Kuandika mafungu si kuuza nyumba, wala si kumfukuza mama. Ni kumjulisha kila mtu haki yake, ili atakayesamehe asamehe anachokijua. Penye mzozo, Mahakama ya Kadhi ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inaitambua kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali kufika mbele yake. Kwenda kwa Kadhi si fedheha. Fedheha ni kula fungu la yatima.

La pili ni kufanya hesabu ya nyumba kama mali ya ushirika. Anayekaa ndani na alipe kodi ya haki, hata iwe ndogo, au isemwe wazi kwamba amesamehewa. Kodi hiyo iwekwe katika mfuko wa matengenezo, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwaka. Mara nyingi dada mwenye uangalifu ndiye mweka daftari bora; tumpe kazi hiyo kwa heshima.

La tatu ni takharuji, yaani mrithi mmoja au wawili kuwalipa wenziwe wakatoka katika mafungu yao kwa maridhiano. Wenye uwezo walioko ughaibuni, badala ya kutuma fedha za arusi ya siku tatu, waweza kuikomboa nyumba ya babu. Bei na iwe ya haki, na isitumiwe hali ya mwenye shida kumpunja.

La nne ni wakfu. Wazee wetu, wanaume kwa wanawake, waliweka nyumba, visima na mashamba wakfu, kwa misikiti au kwa vizazi vyao. Mwenye nyumba aliye hai na mwenye afya aweza kushauriana na wanazuoni, na pia na Tume ya Wakfu ya Kenya, yenye makao yake hapa Mombasa, akajua masharti yake. Lakini wakfu usiwe hila ya kuwanyima mabinti; hiyo si ibada.

La tano ni kutengeneza kwa dawa inayolingana na ugonjwa. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Ukipakwa saruji nzito, maji na chumvi hufungiwa ndani, na ukuta huoza chini ya ngozi nzuri. Kumimina zege juu ya kuta zilizochoka ni kumtwisha mzee gunia. Kabla ya kuanza kazi, na tupate idhini na ushauri wa ofisi ya uhifadhi, na tuwatafute mafundi wanaojua chokaa wangali hai, tuwape vijana wetu wajifunze kwao. Na kila mwaka, kabla ya mvua za masika, mtu apande juu atazame mapaa na mifereji. Kazi ya siku moja huokoa boriti ya miaka mia.

La sita halihitaji fedha kabisa. Wapelekeni watoto wakaione nyumba. Wajukuu wanaokaa mitaa mipya ya ng'ambo ya daraja waambiwe: hapa alizaliwa bibi yenu, dirisha hili ndilo aliloitia watu siku ya moto, jirani huyu ndiye aliyemlea baba yenu bibi alipougua. Waandike majina ya vyumba, mapishi ya bibi, na majina ya majirani. Mtu hatetei asichokijua. Warithi 25 waliowahi kula pamoja katika ukumbi ule watakuwa wagumu kuuza kuliko warithi 25 wanaojuana kwa namba za simu.

Wasomaji wetu wapenzi, hatusemi kwamba kila nyumba lazima ibaki. Ipo iliyochakaa hata kuikalia ni kujitia katika hatari, na uhai wa mtu ni mbele ya mawe. Wala hatusemi kwamba aliyehamia bara amekosea; mji una nafasi ndogo na watu wameongezeka. Twasema hivi tu: nyumba isiuzwe kwa sababu ndugu walishindwa kukaa barazani na kuzungumza. Ikiwa itauzwa, na iuzwe kila mmoja akiwa amepata fungu lake na jirani amejulishwa. Na ikiwa itabaki, na ibaki na watu ndani yake, wenye kupelekeana sahani.

Juma hili, kabla ya Ijumaa, kila mmoja wetu na amtafute ndugu mmoja ambaye amekatana naye kwa sababu ya nyumba. Asianze na maneno ya mafungu. Aanze na salamu, kisha amuulize hali ya mama. Mengine yatafuata, inshaallah, na tundu la dari litapata mtu wa kuliziba.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotujengea, awape subira wanaokaa na kulinda, na azilainishe nyoyo za warithi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo.